Mwaka wa Kuchora Maji

Tulimzika Mhandisi Nyakundi siku ya Ijumaa, tarehe 16 Februari 2024, nyumbani kwake ng'ambo ya mji wa Sotik, upande wa Kisii, kwenye mteremko wenye migomba juu na majani chai chini. Kutoka kwetu tulikwenda watatu: binti yangu Chebet aliyeendesha gari, mimi, na shemeji yangu Kipsang arap Chumo, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, mzee ambaye siku hizi hutoka nyumbani kwa sababu mbili tu, kanisa na hospitali ya Longisa. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vya ngozi, na alikuwa amevipiga rangi tangu asubuhi hadi vikang'aa kama kioo. Nikamuuliza, "Shemeji, unaenda kuzika au kuoa?" Hakucheka. "Naenda kwa Injinia," akasema. "Kwa Injinia siwezi kwenda na viatu vya shamba." Njia nzima aliinyoosha miguu yake kwa uangalifu, kama mtu aliyepakata mayai.

Familia iliniomba niseme maneno machache kwa niaba ya waliofanya kazi na marehemu, nami nikasema machache kweli, kwa maana mchungaji alikuwa akiitazama saa yake na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya vilima. Nilisema kwamba alikuwa mtu wa haki na kwamba alinifundisha kazi. Watu wakaitikia amina. Lakini mwaka mzima hauingii katika kipaza sauti, na mwaka wangu wa 1997, ambao ndio mwaka nilipoujua uzito wangu mwenyewe, hauwezi kusimuliwa na mtu aliyesimama. Kwa hiyo sasa nimeketi.

Mwaka huo nilikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, mjane tangu 1989, na cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa hakijatimiza nusu mwaka. Jinsi nilivyokipata nimekwisha kusimulia kwingine; hapa inatosha kusema kwamba niliufanya mtihani ule mwaka mmoja na wasichana wa rika la binti yangu, na kwamba somo nililolishinda vizuri kuliko yote lilikuwa jiografia. Mwezi wa Juni lilibandikwa tangazo katika ofisi ya chifu. Alitakiwa mtu anayejua Kipsigis na Kiswahili, mwenye mwandiko unaosomeka, awasaidie wataalamu waliokuwa wakizunguka kutoka Kedowa hadi Longisa hadi Sotik wakikagua mahali ambapo watu wanapaenzi: makaburi ya zamani, misitu midogo ya ibada, mashimo ya kale yaliyokuwa mazizi ya ng'ombe, makanisa ya kwanza. Redio ilikuwa imeanza kusema kwamba mvua za mwisho wa mwaka zingekuwa kubwa kupita kiasi. Kazi ya wataalamu ilikuwa kusema ni urithi upi ungechukuliwa na maji, ili ule ulio hatarini zaidi ukingwe kabla. Nilianza Jumatatu, tarehe 7 Julai 1997, nikiwa na sweta jipya la kijani na kalamu tatu.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili vya kupanga nyuma ya hoteli moja mjini Sotik. Meza ya ramani ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya kreti za soda, na kitasa kilikuwa bado kipo, hata karatasi ilikuwa lazima izungushwe ili isichanike. Ukuta uliotutenga na hoteli ulikuwa wa mbao nyembamba. Tulisikia kila sahani ikiwekwa na kila mtu akiagiza madondo. Mhandisi Nyakundi, mkubwa wetu, alikuwa Mgusii mrefu mwenye sauti ya chini, mtaalamu wa mito, ambaye alipomaliza chai alikipeleka kikombe jikoni mwenyewe. Mchoraji wa ramani alikuwa Wanjiru, binti wa mkulima wa Kedowa, mcheshi, aliyejua Kipsigis cha sokoni vizuri kuliko alivyokubali kujua. Siku ya tatu aliniona nikiikodolea macho mistari ya kontua, mistari ile ya ramani inayoonyesha miinuko. Niliijua kwa kitabu lakini sikuwa nimewahi kuiona ikiwa ya kwetu, juu ya vilima nilivyovipanda na mzigo wa kuni. Wakati wa chakula cha mchana akaagiza ugali mkubwa, akaukata kwa uzi, kipande juu ya kipande, kuanzia chini hadi kileleni, kisha akachora ukingo wa kila kipande kwenye karatasi. "Sasa, Mama Chebet," akasema, "huo ndio mlima. Mwaga supu tuone mto." Nikamwaga supu ya managu, nikaona ikishuka palepale mistari ilipokunja. Tangu mchana huo sijawahi kuitazama ramani nikaona karatasi. Na mlima ule tuliumaliza wote.

Kwetu, katika lokesheni yangu mwenyewe, tulifika Jumanne, tarehe 22 Julai. Wazee walikuwa wamemchagua Kipsang atuongoze. Alikuja na fimbo na koti refu, akampa Nyakundi mkono, akatupandisha hadi kwenye uwanda mdogo juu ya josho la ng'ombe, mahali penye upepo mkali na michongoma. Hapo akasimama, akaondoa kofia. "Injinia," akamwambia kwa Kiswahili, "hapa ndio mahali. Hapa wazee wa zamani walikuwa wanaomba mvua. Toa viatu." Nyakundi aliinama, akafungua kamba, akavua viatu na soksi, akasimama kwenye nyasi zenye umande wa Julai, na wale wanaoujua Julai wa nchi ya majani chai wanajua nasema baridi gani. Wanjiru akapiga picha. Nyakundi akaninong'oneza nimuulize mzee mipaka ya mahali hapo patakatifu. Nikamuuliza Kipsang kwa Kipsigis, naye akanijibu kwa Kipsigis, uso ukiwa mkavu kama ukuta, "Mwambie kutoka hapa hadi pale kwenye kisiki." Nikatafsiri. Kile kisiki nilikijua. Mwaka wa 1984 marehemu mume wangu alijaribu kufuga nguruwe, na kisiki kile kilikuwa nguzo ya banda lao.

Wiki hiyo tulionyeshwa mahali pengine pa namna hiyohiyo. Tulionyeshwa mwamba ambao watoto wa shule walianikia sweta, ukaitwa kiti cha mzee wa vita. Tulionyeshwa tuta la mchwa. Kila mahali palikuwa juu, kila mahali Nyakundi alivua viatu, na kila mahali mimi nilitafsiri kilichosemwa, kwa kuwa mkalimani hulipwa kwa ajili hiyo. Lakini mahali pa kweli, palipokuwa pamenijia akilini tangu siku nilipoliona tangazo, hapakutajwa hata mara moja. Pale chini, kijito kinapopinda kabla ya kuingia mto Kipsonoi, kuna ng'eny: ukuta wa udongo wa kijivu wenye chumvi, ambao ng'ombe wa vizazi na vizazi wameulamba hadi ukabonyea ndani kama pango, na ambao ndimi zao zimeulainisha ukawa kama bakuli. Hakuna mwenye ng'eny. Ng'ombe wa kila boma hupelekwa kwa zamu, na wanaume huwaimbia mafahali wao kwa majina wakilamba. Mume wangu alikuwa na sauti nzuri. Niliisikia mara ya kwanza ikitokea chini pale, kabla sijamjua ni nani. Sasa mwaka uliotangulia ilikuwa imekatwa barabara mpya ya kubebea majani chai, juu ya mteremko, na kalavati lake, bomba la kupitisha maji chini ya barabara, lilikuwa limeelekezwa moja kwa moja kwenye ng'eny. Mvua za Aprili zilikuwa zimekwisha kuangusha bonge la ukuta ule, kubwa kama ndama, ndani ya kijito. Kama mvua zilizotangazwa zingekuja na pale hapapo kwenye orodha, hapangekuwa na pale.

Kwa nini walificha, niliusikia ukweli wake kupitia ukuta wa mbao. Ilikuwa siku ya soko mwezi wa Agosti, na wazee wa kwetu walikuwa wameingia hotelini kunywa chai bila kujua kwamba ofisi iko nyuma ya mgongo wao. Nilikuwa peke yangu mezani. Nikasikia mmoja akisema kwa Kipsigis, "Na alisimama bila viatu kwa nguruwe za marehemu!" Kicheko kikapanda hadi vikombe vikagongana. "Mimi nilidhani atasikia harufu," akasema mwingine. Kisha nikasikia sauti ya Kipsang, haina kicheko. "Chekeni. Baba yangu alimwonyesha mzungu chemchemi. Alimwonyesha kwa moyo mweupe, akamfyekea hata njia. Mwaka uliofuata kukawa na vigingi. Mwaka uliofuata huo kukawa na chai. Mimi nitawaonyesha watu nguruwe mpaka nife." Mtu akaagiza mandazi. Nami nyuma ya ukuta nikakaa na kalamu mkononi, nikitambua kwamba mtu huyu, niliyekuwa nimemkasirikia mwezi mzima, alikuwa analinda kitu kilekile nilichotaka kukilinda, ila alikuwa amegeukia upande ambao adui hatokei tena.

Jumatatu, tarehe 25 Agosti, Wanjiru alimaliza kupaka rangi ramani ya eneo lote. Nyekundu ilikuwa hatari, manjano wasiwasi, kijani salama. "Mambo ni safi," akasema, akijinyoosha mgongo. "Lokesheni ya Mama Chebet yote ni kijani. Maji hayafiki hata mahali pamoja. Tufunge kazi tuende nyumbani." Nyakundi alikuja na kikombe chake, akaitazama ramani kwa muda mrefu. "Huko Kedowa mashimo yao yako bondeni," akasema. "Longisa, msitu wao uko kando ya mto. Hapa wote wamepanda juu kama mbuzi." Akanigeukia, akaniita kwa jina langu mwenyewe. "Mama Rael, hawa watu wenu hawanywi maji?" Nikamwambia wanakunywa. "Na ng'ombe wao?" "Ng'ombe pia, Injinia." Hakuniuliza la zaidi, na kwa hilo nilimheshimu kuliko kwa elimu yake yote, kwa maana alijua kwamba akiniuliza, ama ningemdanganya yeye ama ningewauza watu wangu. Alikigusa kitasa cha meza kwa kidole. "Orodha inaenda Kericho wiki ijayo," akasema. "Jumamosi nitaisoma mbele ya wazee waithibitishe. Mpaka Jumamosi ni penseli."

Ijumaa mchana nilikwenda kwa mama mkwe wangu, Kogo Tapsabei. Jiko lake lilikuwa dogo, jeusi kwa moshi, lenye harufu ya maziwa na mti uliochomwa, na yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda akisugua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa kijinga cha mti wa senetwet, akikizungusha bila kukitazama. Alinipa ugali wa wimbi na kikombe cha maziwa, akasubiri nile kwanza. Kisha akauliza, "Huyo Mgusii wako ni mtu wa namna gani?" Nikamwambia, akimaliza chai hurudisha kikombe jikoni mwenyewe. Akalifikiria hilo. "Mama yake alifanya kazi," akasema. "Na akiandika mahali petu, hataondoka napo?"

"Anaandika ili maji yasiondoke napo, Kogo."

"Kipsang anasemaje?"

"Kipsang alimwonyesha banda la nguruwe. Alimvua viatu."

Kibuyu kilisimama. "Nguruwe za mwanangu Kipkoech? Wale waliokula viazi vyangu?" Alicheka hadi akashika ubavu, akajifuta macho kwa kona ya leso, kisha kicheko kikaisha mara moja kama moto uliomwagiwa maji. Akaniuliza, "Legetiet yako iko wapi?" Legetiet ni mshipi wa ngozi wenye simbi ambao mwanamke wa Kipsigis hufungwa tumboni anapozaa. Una heshima ambayo mkuki hauna: wanaume wakipigana, mwanamke akaulaza kati yao, vita huisha, kwa maana hakuna mwanamume anayeweza kuuruka mshipi uliomfunga mama. Nikamjibu kwamba wangu ulikuwa sandukuni tangu nilipobatizwa. "Basi huo haujulikani na mtu," akasema. Alinyanyuka taratibu, akapeleka mkono juu ya dari ya kukaushia mahindi, akashusha mshipi wake, mweusi kwa mafuta ya miaka mingi. "Huu Kipsang anaujua. Huu ulinifunga siku alipozaliwa, na kichwa chake kilikuwa kikubwa vilevile." Akauweka mapajani mwangu. Hakuniambia la kufanya. Akarudi kwenye kibuyu chake.

Wale wasioijua kokwet, yaani baraza la majirani, waelewe kwamba wanaume huketi mbele na kusema, na wanawake huketi kando na kusikiliza, wakiulizwa hujibu. Jumamosi hiyo, tarehe 30 Agosti 1997, kokwet ilikutana ndani ya ua wa josho, kwa kuwa pana nyasi nzuri na ukuta unaozuia upepo. Ua ule una mlango mmoja wa watu. Nyakundi alisimama na ramani, akaisoma orodha moja moja, nami nikatafsiri: uwanda wa maombi ya mvua, salama, kiti cha mzee wa vita, salama, tuta, salama. Kwa kila moja Kipsang alitikisa kichwa kukubali. "Kuna pengine?" Nyakundi akauliza. Nikatafsiri, nikimtazama Kipsang machoni. "Hakuna," akasema. "Mwambie ahsante. Mwambie afunge." Wazee wakaanza kushika fimbo zao na kunyanyuka.

Nilitembea hadi mlangoni. Nikaufungua mkoba wangu wa ofisi, nikautoa mshipi wa mama yake Kipsang, nikaulaza chini kutoka nguzo hadi nguzo. Kisha nikasimama kando yake. Wazee walikuja hadi hatua ya mwisho kabla ya mlango, wakasimama wote kwa pamoja, kama ng'ombe wanaofika kwenye waya. Kisha mzee mmoja mfupi aliyekuwa nyuma akasema polepole, "Kuna njia nyingine. Ile ya ng'ombe." Kila mtu akageuka kuitazama njia ya ng'ombe, ambayo ni shimo la josho lenyewe, limejaa dawa ya kupe hadi ukingoni. "Tangulia wewe," mwenzake akamwambia. "Wewe ndiye mwenye kupe." Kicheko kikapasuka, hata cha wanawake, na kicheko hicho ndicho kilichonipa sauti.

"Shemeji," nikasema, "mshipi huu unaujua."

Kipsang alikuwa hacheki. Alikuwa anautazama. "Naujua," akasema. "Nani amekupa?"

"Aliyeuvaa. Hakuna anayekukataza kutoka. Sema tu mbele ya mshipi huu kwamba hakuna pengine."

Mzee yule mwenye kiburi aliiweka mikono yake yote miwili juu ya fimbo. Kisha akageuka na kusema kwa Kiswahili, ili asihitaji mkalimani, "Injinia. Mahali pengine papo. Ng'eny. Kule chini." Nyakundi akaipokea habari hiyo bila kubadilisha uso. "Na kule juu nilikotoa viatu?" akauliza. Kipsang akashusha pumzi. "Kule ni kwa nguruwe wa ndugu yangu." Nyakundi alimtazama Kipsang, akaitazama miguu yake mwenyewe, akaanza kucheka, kicheko cha chini kisichoisha, hadi ikabidi Wanjiru aishike ramani isianguke. "Mzee," akasema alipoweza, "nilipata mafua wiki mbili kwa ajili ya nguruwe."

Lakini lile jambo lenyewe halikuisha kwa kicheko. Kipsang aliuliza waziwazi: wakionyesha, vigingi vitakuja? Nyakundi hakumpamba. "Mimi sileti kigingi," akasema. "Lakini karatasi nikishaitoa mkononi, siwezi kuapa nani ataisoma baada yangu. Nikisema naweza, nitakuwa nakuonyesha nguruwe na mimi." Wazee wakanong'onezana, jibu hilo liliwaogopesha, na pia liliwapendeza. Mtu akasema afadhali maji. Mwingine akasema maji hayana hati ya shamba, yakija yanaondoka. Niliona mlango ukianza kufungwa tena, mshipi au bila mshipi, na hapo ndipo ugali wa Wanjiru ulipofanya kazi yake kichwani mwangu. Nikasema, kwa Kipsigis kwanza na kwa Kiswahili baadaye, "Tuchore maji. Mahali tusipachore." Nikaeleza. Ramani ingeonyesha kalavati na njia ambayo maji yangeshukia; ingeonyesha mtaro unaopaswa kuchimbwa na pindo la kijito linalohitaji mawe. Kilichoko kati ya mtaro na kijito kingeachwa kitupu. Pesa za kukinga hufuata hatari, na hatari tungeionyesha yote. Chumvi haikuwa lazima iandikwe.

Nyakundi alifikiri huku akiikunja na kuikunjua kona ya ramani. "Sijawahi kuona ripoti ya namna hiyo," akasema. "Lakini hakuna uongo ndani yake. Inawezekana." Kipsang akanitazama mimi. "Na nani atachora?"

"Mimi."

"Wewe, Mama Chebet?"

"Mimi, Shemeji. Ndicho nilichosomea."

Nikamsikia mwanamke mmoja nyuma yangu akisema kwa sauti ya chini, "Sere," yaani baraka. Kipsang aliinama, akauokota mshipi kwa mikono yote miwili, akaupangusa majani, akanirudishia. Kisha akatuongoza chini, na wanaume na wanawake wote wakafuata.

Nilichora Jumapili baada ya kanisa na Jumatatu nzima, juu ya ule mlango wenye kitasa, Wanjiru akichonga penseli na kunyamaza, jambo ambalo kwake lilikuwa zawadi kubwa. Mistari ya kontua niliifuata kwa miguu kwanza, kisha kwa mkono. Ramani ile ingalipo, na jina langu limeandikwa chini yake. Ukiitazama utaona mstari mwekundu wa maji yanayoshuka, mstari mweusi wa mtaro, na kati yao uwazi mweupe usio na jina. Eneo letu likatoka kijani likawa jekundu kuliko yote, na vikapu vya waya vya kujazia mawe vikaletwa kwetu kwanza.

Mtaro tuliuchimba sisi, kwa mtindo wa morik, kazi ya pamoja inayolipwa kwa chakula. Wanawake tulileta ugali, managu na vibuyu vya mursik. Jumamosi ya pili wakaja wachumaji wa Kigusii kutoka kwenye kambi ya shamba la chai, wameitwa na Nyakundi, na mwanzoni watu walichimba kwa makundi mawili yasiyotazamana, kwa sababu miaka michache tu ilikuwa imepita tangu vurugu za mpakani na kila mtu alikuwa na lake moyoni. Kipsang ndiye aliyeanza. "Nyinyi mnachimba kama mnatafuta panya," akawaambia. Mmoja wao akajibu bila kuinua kichwa, "Na nyinyi mnachimba kama mmemficha." Baada ya hapo walitukanana kwa raha hadi chakula. Mchumaji yule alipopewa mursik alitazama masizi ndani ya kikombe. "Mama, maziwa yenu yameungua." Nikamwambia anywe kwanza kisha alalamike. Aliomba kingine. Tulimaliza Jumamosi, tarehe 27 Septemba.

Mvua zilikuja Oktoba na zikakataa kwenda. Kila Mkenya wa umri wangu anazikumbuka. Kwetu zilichukua madaraja, zikakata barabara, zikashusha mashamba ya viazi mtoni pamoja na mbegu. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 13 Novemba 1997, tulisikia ngurumo ambayo haikutoka juu. Nilikimbia na gunia kichwani hadi juu ya ng'eny, nikamkuta Kipsang amekwisha kufika, koti lake limeganda mwilini kwa maji. Kalavati lilikuwa linatapika. Maji mekundu yalishuka mteremko yakiwa mapana kama barabara, yakibeba matawi na mawe, palepale kalamu yangu ilipopita. Yalifika kwenye mtaro. Yakaupanda ukingo, yakafikiri, nasema yakafikiri kwa sababu ndivyo yalivyoonekana, kisha yakageuka. Yaligeuka yote, yakafuata mstari wangu mweusi hadi chini ya pindo, na vikapu vya mawe vikayapokea. Ukuta wa kijivu ulibaki umesimama, umelowa kwa mvua tu. Kipsang aliutazama, akanitazama, akasema jambo ambalo hajalirudia tena kwa miaka ishirini na sita. "Mama Chebet, umesoma." Kisha, kwa kuwa hawezi kumaliza bila lake, akaelekeza fimbo juu ya josho. "Na kule kwa nguruwe pia nilisema kweli. Maji hayakufika."

Jua lilipotoka kidogo, Jumamosi ya tarehe 6 Desemba, ng'ombe walipelekwa ng'eny. Nyakundi alikuja kwa miguu kwa kuwa gari halikuweza kupita, ametapakaa matope hadi magotini. Wanaume walikuwa wamekwisha kuanza kuwaimbia mafahali, na ndimi zilikuwa zinafanya kazi kwenye ule ukuta kwa sauti kama ya wanawake wengi wakifagia. Nyakundi alisimama kando, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu. "Wacha, Injinia," Kipsang akamwambia. "Hapa ni mahali pa ng'ombe. Wao hawatoi." Akamegua kipande cha udongo wa kijivu, akampa. Mhandisi wa mito, mtu wa digrii mbili, akakilamba mbele yetu sote, akasema kina chumvi kuliko chakula cha hoteli yetu. Tarehe 2 Februari 1998 niliajiriwa rasmi, na kwa miaka kumi na miwili nilichora maji ya wilaya za watu wengine. Lakini hakuna mstari ninaojivunia kama ule wa kwanza. Mtaro ungalipo. Wajukuu wangu huuruka wakienda shule, na ng'ombe wangali wanalamba.

Hayo yote ndiyo sikuyasema mazishini. Jeneza lilipokwisha kushushwa na mvua ilipoanza kudondoka, nilihisi mkono mzito begani mwangu. Kipsang alikuwa ameniegemea ili ainame. Alifungua kamba za vile viatu vyeusi, akavivua, akavua na soksi, akavipanga vyote kando ya udongo uliochimbuliwa. Chebet akamwambia kwa haraka, "Baba mkubwa, kuna matope." "Nyamaza, mtoto," akamjibu. "Hapa ndio mahali." Akasimama hivyo, miguu mitupu ya mzee kwenye ardhi nyekundu ya Wagusii, kofia mkononi, hadi koleo la mwisho lilipomwagwa. Mjane wa Nyakundi, aliyekuwa ameketi karibu nami, alimtazama kwa mshangao, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama hiyo ni desturi ya Wakipsigis.

Nikamwambia ndiyo, tangu Jumanne ya tarehe 22 Julai 1997.